Tumeweka mfumo wa kompyuta dukani, miezi mitatu baadaye watu wamerudi kwenye daftari. Naongozaje hapa?

BintiNyakato

Wakuu habari za majukumu. Naombeni ushauri na tafadhali msipite kimya kimya, hili jambo linaninyima usingizi.

Mimi ni binti wa pili kwetu, baba ana duka la vifaa vya ujenzi Nyakato hapa Mwanza na tawi moja Buhongwa. Saruji, nondo, mabati, misumari, rangi, mabomba, vyote hivyo. Wafanyakazi ni 11. Mwaka jana mwishoni presha ilimsumbua sana baba akasema sasa shika wewe, mimi nimesoma uhasibu na nilikuwa nafanya kazi Dar, nikaacha nikarudi nyumbani. Nilichokikuta ni kwamba hakuna mtu anayeweza kukwambia leo tuna mali ya shilingi ngapi, madeni yako kwenye madaftari manne tofauti, na mwisho wa mwezi kinachotazamwa ni risiti za EFD (ile mashine ya risiti za kodi) na pesa iliyoko benki, basi.

Tukanunua mfumo. Kompyuta tatu, printa, skana ya barkodi, jamaa wakaja wakatufundisha Jumamosi na Jumapili wakaondoka. Wiki ya kwanza kila mtu ana hamu, wiki ya tatu foleni ikirefuka keshia anaandika kwenye karatasi anasema nitaingiza jioni, jioni ikifika amechoka, kesho yake karatasi haionekani. Sasa mfumo unasema hivi, daftari linasema vile, ukiingia stoo unakuta kitu cha tatu kabisa.

Kilichoharibu zaidi kilitokea mwezi uliopita. Nilifungua ripoti ya stoo mbele ya baba tukakuta nondo za milimita 12 ziko -47, zimeandikwa kwa rangi nyekundu. Baba alipandwa na hasira akamwita mzee wetu wa stoo pale kaunta, wateja wawili wamesimama, akamuuliza nondo zangu umezipeleka wapi. Huyu mzee yuko na sisi tangu 2004, mimi alikuwa ananipeleka shule kwa baiskeli. Hakujibu neno. Alichukua daftari lake, lile alilolivalisha karatasi ya mfuko wa saruji na kalamu ameifunga kwa kamba ya katani isipotee, akarudi stoo. Toka siku ile hakuna anayegusa kompyuta nisipokuwepo. Yeye mwenyewe kila jioni bado anapiga picha karatasi za mzigo ulioingia anamtumia baba WhatsApp, kama alivyokuwa anafanya zamani, ila kwenye mfumo haingizi kitu.

Nibadilishe mfumo? Nibadilishe watu? Naomba kwa aliyewahi kupitia hili aniambie alianzia wapi.

Mtu_wa_Kazi

Dada huruma itakuua. Ajiri vijana wanne waliosoma, wape kompyuta, hao wazee walipe stahiki zao kwa heshima waende. Biashara siyo familia. Mimi nilifanya hivyo kwenye usafirishaji na sijutii.

FundiMifumo

Mkuu hapo juu, usafirishaji una malori 6 unayahesabu kwa macho, duka la vifaa vya ujenzi lina bidhaa elfu na zaidi na anayejua hili bomba linaingia kwenye koki ipi ni huyohuyo mzee unayetaka aende.

BintiNyakato pole sana. Mimi hii ndiyo kazi yangu, nafunga mifumo ya mauzo madukani mwaka wa tisa huu, na hiyo -47 yako imenishtua kwa sababu nimeshaiona sehemu nyingine ikiwa na namba tofauti tu. Nikuulize, nondo mnapokea kwa tani, mnauza kwa kipande, sio? Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10 na nusu na kidogo, kwa hiyo tani moja inatoa vipande kama 94. Sasa kama aliyefunga mfumo hakuweka kwamba tani moja ni vipande kadhaa, mzigo wa tani 2 ukiingia mtu anaandika 2, mfumo unaelewa vipande viwili. Halafu keshia anauza kipande kimojakimoja. Nenda kaangalie kama hamkupokea tani 2 mkauza vipande 49. Mbili toa arobaini na tisa ni -47. Kabla hujamuwaza mtu yeyote vibaya kaangalie hilo leo leo.

Angalia na majina pia. Nina uhakika utakuta "nondo 12", "NONDO MM12" na "nondo 12mm" kama bidhaa tatu, mzigo umeingia kwenye jina moja na mauzo yanatoka kwenye jingine. Misumari ndio balaa kabisa, inaingia kwa katoni, inauzwa kwa kilo, kuna wateja wa robo.

Ninachotaka kukwambia kuhusu kuongoza ni hiki, na nakiandika kwa uchungu maana nimeona watu wamepoteza kazi zao. Mfumo ukiwa mpya namba zake huwa ni mbovu, miezi miwili mitatu ya mwanzo lazima ziwe mbovu, hata ungenunua wa bei gani. Kwa hiyo bosi akiona namba ya ajabu anatakiwa aulize "hii imetokeaje, hebu tuitafute wote", akishauliza "nani kaiba" amemaliza, kwa sababu kila mfanyakazi anajifunza siku hiyo kwamba ile kompyuta ni ya kumkamata. Na mtu hawezi kulisha kwa mikono yake kitu anachojua kesho kitamshtaki. Hao watu wako hawajashindwa kutumia kompyuta, wote si wana simu janja wanatuma pesa na wanalipia king'amuzi kwa simu. Wameogopa.

Halafu siku mbili za mafunzo jamani, wikiendi, hiyo walifundishwa vitufe tu.

MamaDawa_AR

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi nina maduka mawili ya dawa Arusha na nilipita njia hiyohiyo, nitasema langu moja tu maana mengine Fundi ameyamaliza.

Kwangu aliyekuwa anauharibu mfumo ni mimi. Nilikuwa nikipita dukani nachukua paketi ya panadol, dawa ya mafua ya watoto, mara jirani kaja nampa, naondoka, siandiki, si duka langu? Na wasichana wangu wanaona. Kwa nini yeye aandike kila kidonge wakati mwenye mali haandiki boksi? Siku nilipoamua nasimama kaunta mwenyewe, naingia kwa jina langu, najiuzia na kujitolea risiti kama mteja mwingine, ndani ya wiki hizo hizo walianza kubadilika bila mimi kupiga kelele. Nilikaa kaunta mwezi mzima dada yangu, mwezi, asubuhi hadi saa nne. Hapo ndipo nilipojua kwamba kutafuta dawa moja kwenye ule mfumo ilikuwa lazima ubonyeze mara saba na mteja anagonga meza. Nisingekaa pale ningeendelea kuwaita wavivu. Nikawapigia waliotuuzia wakapunguza.

Na kingine, daftari usilikataze ghafla. Sisi tulifunga duka Jumapili, tukahesabu kila kitu watu wote pamoja na mimi, tukaanza na hesabu safi, halafu tukaenda daftari na mfumo sambamba wiki sita, kila jioni wawili wanalinganisha. Tulishatangaza tangu mwanzo tarehe ya kuliweka daftari kabatini. Ilipofika tukaliweka.

Ee na kila mtu awe na jina na namba yake ya siri. Mkitumia ya bosi wote, kosa litamwangukia yeyote.

Kongowea254

Salaam kutoka Mombasa. Sisi ni jumla ya nafaka na mafuta pale Kongowea, duka aliliasisi babu. Kwetu msukumo ulitoka nje, KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, ilipoleta eTIMS, yaani mfumo wake wa invoisi za kielektroniki, na kuanzia Januari 2024 gharama ambayo haina invoisi ya eTIMS haikubaliki tena kutolewa kwenye hesabu ya kodi, wenye mahoteli wanaonunua kwetu wakaanza kuuliza kabla ya kupakia, invoisi iko wapi? Babangu alikuwa anasema ngoja kwanza. Tukapoteza wateja wawili wakubwa ndani ya mwezi mmoja, ndipo akasema haya fanyeni.

Nimesoma hapo kwamba huyo mzee bado anatuma picha kwa WhatsApp kila jioni. Dadangu, mbona hilo umelipita haraka hivyo? Huyo ameshaingia kwenye digitali zamani, kwa mlango wake mwenyewe. Hata M-Pesa haikuanza kama tunavyoijua, mwaka 2005 Vodafone na Safaricom walipoijaribu na Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, nia ilikuwa mtu apokee mkopo na kuulipa kwa simu, lakini wale waliopewa kuijaribu wakawa wanatumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, na wenye kazi hawakuwagombeza kwamba mnakosea, waliangalia watu wanaelekea wapi, na Machi 2007 ilipofunguliwa kwa kila mtu ikatangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Basi nawe anzia kwa picha za huyo mzee. Mweke kijana mmoja apokee zile picha na aingize kwenye mfumo siku hiyohiyo, kisha amsomee mzee alichoingiza, mzee aseme sawa au si sawa. Hapo mzee ndiye mkaguzi. Sisi tulifanya hivyo na mpokea mizigo wetu na sasa ni yeye anayenipigia simu usiku kuniambia umeingiza magunia pungufu.

Stima au mtandao ukipotea mnafanyaje? Hilo pia litawarudisha kwa daftari upesi sana, hakikisha mfumo unafanya kazi bila mtandao.

BintiNyakato

Wakuu nimerudi, samahani nimechelewa, siku nne hizi nilikuwa stoo.

FundiMifumo Mungu akubariki. Ni kweli kabisa, tani 2 ziliingia tarehe ileile mfumo ulipoanza, imeandikwa 2, na vipande vilivyouzwa ni 49. Nilikaa chini pale kwenye mifuko ya saruji nikalia.

Nikamfuata mzee, nikamwambia babu nisaidie tuhesabu. Akafungua daftari lake, tarehe ile ameandika kabisa, "nondo 12, tani 2, vipande 188 nimehesabu mwenyewe". Toa 49 zinabaki 139. Tukahesabu stoo yote kipande kwa kipande na vijana wawili, tukapata 127. Zimepungua 12. Nikasema moyoni eeh, kumbe kuna kitu. Mzee wala hakusema chochote, alifunua kurasa mbili mbele akaniwekea kidole: "vipande 12, bosi, nyumba ya shangazi Magu, hazijalipwa".

Kwa hiyo daftari lilikuwa sahihi mpaka kipande cha mwisho na kompyuta yangu ya mamilioni ndiyo ilikuwa inadanganya. Nikamuuliza kwa nini hukusema siku ile pale kaunta. Akaniambia, "Mwanangu, ningesema bosi ndiye alichukua, mbele ya wateja, ningekuwa nimefanya nini?"

Nimeshawapigia jamaa wa mfumo wamerekebisha vipimo vya nondo, misumari na nyaya, na Jumapili hii tunahesabu upya maduka yote mawili. Kijana wa picha za WhatsApp nimeshampata, anaanza Jumatatu. Kinachonishinda ni baba. Alimdhalilisha mtu asiye na kosa na hajui. Mtoto anamwambiaje baba yake kitu kama hiki, tena mgonjwa wa presha?

MamaDawa_AR

Usimwambie mbele ya mtu yeyote na usiende na ripoti ya kompyuta. Subiri ameshakula, ameshatulia, nenda na lile daftari lenyewe, mwambie baba naomba unisomee ukurasa huu miwani yako iko hapa. Anyamaze nalo. Usiongeze neno. Wazee wetu wengi wakishaona wenyewe kwa macho yao hawahitaji kuambiwa la kufanya.

Ila kama pale kaunta alimwita kwa sauti, na kumsafisha kuwe palepale kaunta, watu wakiwepo. Hilo ukimwomba baba mwombe kwa upole lakini usiliache.

FundiMifumo

Naunga mkono. Na zile 12 za shangazi ziingizwe kwenye mfumo kabla ya hesabu ya Jumapili, kwa jina la baba, ikiwezekana aziingize mwenyewe na mzee wa stoo amekaa pembeni yake. Tuletee mrejesho dada.

BintiNyakato

Nimemsomesha ukurasa leo baada ya chakula cha mchana. Alikaa nao muda mrefu. Halafu ameniuliza yule mzee anaingia saa ngapi kesho.