Mjadala: Tukiambiana "komaa tu", tunasifu nini hasa?

Jumapili tuliambiwa kanisani kwamba maisha bila majaribu hayana maana, na kwamba vijana wa Nairobi wanapitia tabu ili wakomae. Watu wakaitikia amina. Mimi nilinyamaza, na tangu siku hiyo jambo hili limenikaa kooni. Nalileta hapa tulijadili.

Msimamo wangu: ugumu ambao mtu ameufuata mwenyewe humjenga. Ule aliotwikwa humchosha, na tukimsifu kwa kuubeba tunamziba mdomo asilalamike.

Shangazi yangu anauza mitumba katika soko la Gikomba, hapa Nairobi. Saa kumi na moja alfajiri yuko pale bale zinapofunguliwa. Moto wa Gikomba mnaujua. Kibanda chake kimeteketea mara mbili, na mara zote mbili aliinuka kwa mkopo wa chama chao cha kuweka na kukopa. Watu humwambia, "Mama, wewe ni jasiri." Yeye hujibu, "Ningefanya nini kingine?"

Mwaka jana akajiandikisha ngumbaru. Jioni tulikaa naye mezani, penseli ameibana kama sindano ya kushonea gunia hadi ncha ikakatika. Herufi ya g ilimsumbua wiki nzima, mkia ukigeukia kulia kila mara. Alifuta mpaka karatasi ikatoboka, akafungua ukurasa mwingine. Hakuna aliyemlazimisha, na mzigo wa sokoni haukupungua hata kilo. Siku aliposoma mwenyewe ujumbe wa M-Pesa, neno kwa neno, aliurudia mara tatu kwa sauti. Sasa hampi mtu simu amsomee. Moto ule mara mbili haujawahi kumpa uso niliouona usiku huo.

Kimani Maruge naye mnamkumbuka. Alikuwa amepigana Mau Mau, ameonja mateso ya mkoloni, na bado mwaka 2004, akiwa na miaka 84, akaingia darasa la kwanza kule Eldoret. Lakini angalieni tarehe: karo ya shule za msingi za umma ilifutwa 2003. Mzee alikuwa na kiu ya kusoma miaka yote hiyo. Kilichokosekana ni mlango. Ndiyo maana nauona huu kuwa mjadala wa umma, wala si wa mahubiri peke yake.

Karibuni.

Mkimbiaji wa Karura: Naunga mkono, ila niongeze jambo. Kipchoge alipokimbia marathoni kwa 1:59:40 kule Vienna, Oktoba 2019, wakimbiaji 41 walipokezana kumwongoza na kumkinga upepo. Tunapenda kusimulia kana kwamba alikuwa peke yake. Hata jaribu la kujichagulia lina watu wake.

Soja wa usiku, Kangemi: Mwanangu, nimekusoma hadi mwisho. Mimi hutembea kutoka Kangemi hadi Upper Hill, karibu saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Sikuchagua. Lakini binti yangu yuko kidato cha tatu na hajawahi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Ukisema tabu yangu inanichosha tu, ni kama unasema miaka yangu imepotea bure.

Mleta mada: Mzee wangu, shikamoo. Nisamehe, hapo niliandika kwa haraka. Maana ya maisha yako naiona, na naiheshimu sana. Ila naomba nikuulize: inatoka kwa binti, au inatoka kwa barabara? Ukipata nauli kila siku kuanzia kesho, kuna kitu kitakachopungua?

Soja wa usiku, Kangemi: Marahaba. Nimelifikiria swali lako lindo zima. Hakuna kitakachopungua. Lakini kutembea kumenifundisha subira, na hilo siwezi kulikana hata kama wewe hulipendi.

Kuna jambo jingine. Chini ya kitanda nina redio ya marehemu baba. Imekufa, nami nimetaka kujifunza ufundi nikaifufue kwa mikono yangu. Kwa matatu ningekuwa nyumbani saa moja asubuhi, macho bado yana nguvu. Kwa miguu nafika saa mbili, navua viatu, nalala. Bisibisi nilinunua. Iko bado ndani ya karatasi yake.