Wanaojiita "wafuta madeni" waondoke Mwaloni, wanawamalizia akina mama!

Wakuu, hili limezidi. Hapa Mwanza, kuanzia soko la Mwaloni Kirumba hadi Igoma na Buhongwa, watu waliokwishabanwa na kausha damu (mikopo ya mtaani ya riba kubwa) na mikopo ya mtandaoni sasa wanaliwa mara ya pili. Meseji ni ileile: tuma elfu 30 ya kufungua faili, tuma namba ya NIDA na picha yako ukiwa umeshika kitambulisho, ndani ya siku tatu deni linafutwa Benki Kuu. UONGO MTUPU. Hakuna wakala wa kufuta deni, na Benki Kuu (BoT) haipokei hela ya mtu ili deni lake lifutwe.

Ukishatuma elfu 30 inakuja barua yenye nembo na muhuri. Inafuata "kodi ya kufuta", elfu 50. Kisha wanaomba namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yako. Ukiitoa hiyo, WhatsApp yako imekwenda au umeshakopewa mkopo mpya kwa jina lako. Na walishakuambia uvunje laini, usipokee simu ya mkopeshaji! Kwa hiyo deni la kwanza linazidi kuvimba kwa faini na wadhamini wako ndio wanaofuatwa nyumbani. Baada ya wiki chache anajitokeza "wakili" wa kukurudishia ulichotapeliwa, naye anataka ada kwanza. Msimpe hata mia.

Wanawapata akina mama wa dagaa kirahisi kwa sababu mikopo yenyewe ilipangwa vibaya tangu mwanzo. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa mitumbwi inakaa nchi kavu siku kadhaa. Marejesho ya kila siku hayajui mbalamwezi. Siku zile mama hana mzigo, faini inaanza kuhesabiwa, anakopa kwa mwingine kulipa wa kwanza. Hapo ndipo meseji ya "tunafuta deni" inapomkuta.

Tupige hesabu. Mtu anapewa laki 2, anarejesha elfu 10 kwa siku 30: laki 3. Riba ni laki 1 kwa mwezi. Kikomo cha BoT kwa wakopeshaji wa daraja la pili (wasiopokea amana) ni asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani elfu 7 kwenye hiyo laki 2. ELFU SABA! Za mtandaoni ni mbaya zaidi: unaomba laki 1, wanakata "ada ya huduma" mapema, unapokea elfu 70, siku ya saba unadaiwa elfu 105. Ndiyo maana andika kiasi ulichopokea mkononi, usiandike kile kilichosomeka kwenye skrini.

Njia ya kutoka ipo, na haina dalali. Kwanza angalia kama mkopeshaji ana leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Orodha iko kwenye tovuti ya BoT, na tawi lao lipo hapahapa Mwanza. Novemba 2024 BoT walitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na kibali, kwa hiyo msione aibu kuuliza. Chukua taarifa ya miamala ya simu yako, kisha andika barua kwa mkopeshaji: nataka hesabu ya deni kwa maandishi, mtaji peke yake, riba peke yake, faini peke yake. Nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa ibaki kwako. Humohumo pendekeza marejesho yanayofuata siku za giza, dagaa wanapovuliwa. Akikataa au akinyamaza, barua hiyo yenye muhuri ndiyo unayokwenda nayo BoT.

Lipa kwenye namba ya kampuni, jina la kampuni litokee kabla hujathibitisha. Ukilipa kwenye namba binafsi ya afisa mikopo, kesho atakukana. Ukimaliza, dai barua ya kumaliza deni na dhamana yako irudi siku hiyohiyo. Kama walishika kadi ya benki na namba ya siri (na hili linafanyika sana, linauma), nenda benki ukaifunge uchukue mpya. Wakija kubeba friji kwa nguvu, mwite mwenyekiti wa mtaa, orodhesha kila kitu. Kushindwa kulipa mkopo ni madai, wasikutishe na mahabusu.

Kufuta programu kwenye simu hakufuti deni wala majina na namba za watu waliyokwishayavuta kwenye simu yako. Ondoa kwanza ruhusa ya majina na picha. Wakiwatumia ndugu na majirani meseji za kukudhalilisha, piga picha za skrini zikionyesha namba na tarehe, peleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria ipo tangu 2022.

Kwa aliyekwishatuma hela: piga huduma kwa wateja ya mtandao wako sasa hivi, kabla haijatolewa kwa wakala. Chukua RB (namba ya taarifa yako) polisi. Bonyeza *106# uone kama kuna laini usiyoijua imesajiliwa kwa NIDA yako. Namba iliyokutapeli itume kwa meseji kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, leo, ndipo uje kutueleza hapa walivyokuingia, ili mwingine pale Mwaloni aitambue meseji ikimfikia.