Nalea huku uoni unapungua: nipokee vipi msaada bila kupokonywa malezi?

Mama Kifunguamimba

Habari zenu ndugu zangu. Nina ugonjwa wa kurithi wa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), ambao ulianza kwa kuninyima kuona gizani na sasa umekula pembe zote, hata mchana ninaona kile tu kilicho mbele yangu moja kwa moja. Mwanangu ana miezi mitano. Ndugu na majirani wanajitolea kwa moyo, nami nawashukuru, lakini mtoto akilia huchukuliwa kabla sijambembeleza, na mgeni akitaka kujua ameamkaje, huulizwa mtu mwingine ilhali nimempakata mimi. Sasa shangazi anapendekeza akamlee kwake mpaka akue. Siwezi kuwafukuza watu hawa, kwa kuwa vipimo vya dawa na vipele vya ngozi vinanishinda kweli. Je, mliopitia hali hii mlipanga vipi mambo? Na akianza kutambaa, nitamfuatiliaje?

Bibi Mlezi

Pole, mwanangu, na hongera kwa mtoto. Mimi sioni tangu ujana na nimelea watoto ambao sasa wana watoto wao. Nilichogundua ni kwamba mtu anayekupenda, usipomwambia la kufanya, atafanya lile linalomjia kwanza, nalo mara nyingi ni kukupokea mtoto. Kwa hiyo taja kazi yenyewe: "Nitazamie kama upele huu umeenea kuliko jana", "Nisomee tarehe ya kliniki", kisha mtoto abaki mikononi mwako. Anayeuliza habari zake, jibu wewe upesi kabla ya mwingine, bila ukali, watazoea.

Kuhusu kutambaa, tatizo la uoni wako ni kwamba mtoto aliye chini miguuni hayumo kabisa katika sehemu unayoiona, na hatari ya kwanza ni kumkwaa. Mshonee vikengele imara kwenye soksi, visiweze kung'oka akavimeza, nawe utembee kwa kuburuta nyayo badala ya kuzinyanyua. Kabla ya kumweka sakafuni, piga magoti upapase chumba kizima kwa viganja, maana mkono hukuta kifungo na sarafu ambazo hata wenye macho huzipita. Ukitoka naye, mbebe mgongoni, ili mkono mmoja ushike fimbo nyeupe na mwingine uwe huru. Kigari cha kusukuma sikipendi: hutangulia mahali ambapo fimbo haijafika, kwa hiyo wengi wetu hukivuta kwa nyuma.

Muuguzi wa Watoto

Kwa dawa za maji, mwombe mfamasia akupe bomba la sindano lisilo na sindano, avute hadi kipimo cha mtoto, halafu akate alama ndogo kwenye mchi wake, yaani kijiti kinachovutwa, pale unapotokeza. Nyumbani unavuta mpaka ukucha uguse alama hiyo. Kila dawa iwe na bomba lake, na uzito wa mtoto ukibadilisha kipimo, bomba la zamani litupwe. Vipo pia vipimajoto vinavyotamka joto. Kiganja chako kitatambua upele uliovimba na ngozi yenye joto, lakini ngozi kuwa ya manjano au kupauka haishikiki kwa mkono, na hapo macho ya jirani yanahitajika bila kusubiri kesho. Daktari wa macho naye akushauri kuhusu mtoto. Magonjwa haya hurithiwa kwa njia mbalimbali, na si lazima aupate.

Jirani Mwema

Hilo la shangazi limenigusa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unasema katika Ibara ya 23 kwamba mtoto asitenganishwe na wazazi kwa sababu ya ulemavu wao, na kwamba nchi ziwape wazazi hao msaada unaofaa wa malezi. Msaada umfuate mama alipo. Sidhani shangazi ana nia mbaya, anaogopa. Mwalike ashinde nawe siku nzima, akuone ukimwogesha na kumlisha.

Mama Kifunguamimba

Asanteni sana. Shangazi nitamwomba aje siku za kliniki, anisomee kadi na kunitazamia ngozi ya mtoto. Bibi, vikengele ulivishona upande gani wa soksi, ili visimchubue anapolala?

Bibi Mlezi

Nje, juu kidogo ya kifundo. Akilala, mvue soksi hizo.