Treni za mawe ya chuma: mabehewa mafupi, treni inayopinduliwa bila kukatwa, na dude la manjano

Mpenda_Reli

Wakuu salaam. Nimezama kwenye video za treni za migodini: zile za Pilbara, Australia Magharibi, na ile ya Mauritania inayotoka Zouérat kwenda Nouadhibou. Mambo matatu yananisumbua.

Mabehewa yake mbona mafupi hivi ukilinganisha na ya makaa ya mawe, ilhali vichwa vinavyovuta ni vikubwa kupindukia? Halafu bandarini naona behewa linapinduliwa miguu juu, mawe yanamwagika, lakini treni haijakatwa. Inawezekanaje? Na la mwisho, treni ikishapita inakuja pickup ya kawaida kabisa juu ya reli, na baadaye dude refu la manjano linalochomachoma kokoto. Hilo ni la nini wakati treni imepita salama?

Spana_na_Bogi

Mimi ni wa mabehewa, nitajibu mawili ya kwanza.

Anza na uzito. Mita moja ya ujazo ya makaa ya mawe haifiki tani moja, lakini mawe ya chuma yaliyovunjwa yanapita tani mbili. Ukichukua behewa la makaa ukalijaza chuma, ekseli zinazidiwa kabla hujafika nusu. Kwa hiyo wanatengeneza sanduku dogo linalofikisha kikomo cha ekseli likiwa limejaa. Na kikomo chenyewe si cha mchezo: reli za kawaida za Ulaya huishia tani 22.5 kwa ekseli, njia ya mawe ya chuma ya Kiruna (Sweden) hadi Narvik (bandari ya Norway) ilipandishwa ikafika 30, na Pilbara kuna wanaobeba 40.

Kuhusu kupindua: behewa la aina hiyo lina kiunganishi kinachozunguka upande mmoja, upande wa pili kimekaza. Mashine ya kupindulia imewekwa ili katikati ya mzunguko wake ipite katikati ya kiunganishi. Behewa linageuka, jirani yake limetulia, hakuna kinachosokotwa. Mara nyingi yanapinduliwa mawili kwa mpigo. Ila ole wako behewa moja lirudi kutoka karakana limegeuzwa nyuma mbele: upande uliokaza utakutana na uliokaza, na hapo ndipo utakaposikia watu wakiitana kwenye redio. Narvik hawana shida hiyo, mabehewa yao hufunguka chini.

FundiWaNjia

Mpenda_Reli, swali lenye nyama umelitupa mwisho. Kila mtu hupiga picha kichwa cha treni. Mimi nimetoka kwenye gengi za kokoto nikaishia kwenye mashine, na nakwambia kwenye reli ya mgodi kichwa ni mgeni: anapita, anapiga honi, anaondoka. Mwenye nyumba ni hilo dude la manjano.

Reli ya mgodi ina ugonjwa ambao reli ya mchanganyiko haina. Treni inashuka baharini imejaa, inarudi tupu, kila siku hivyo hivyo. Mabehewa yote ni ya aina moja, uzito mmoja, spidi moja, kwa hiyo magurudumu yanaigonga reli pale pale. Ukichanganya abiria, mafuta na kontena, kila treni huikosea njia kwa namna yake na makosa yanafutana. Hapa yanarundikana. Kasoro ndogo kwenye kiungio kimoja leo, kesho taruma lake (lile boriti la kulalia reli) linadundadunda, keshokutwa mataruma ya jirani nayo yanadunda.

Sasa dude linakuja kushindilia. Linasimama juu ya taruma, makucha yanashika reli na kuinyanyua hadi kimo kilichopimwa. Vidole vya chuma vinashuka pande zote mbili za taruma huku vinatetemeka kama mara 35 kwa sekunde, vinazama kwenye kokoto, kisha vinabana kuelekeana. Mtetemo unazifanya kokoto zitiririke na kujaa pengo lililobaki chini ya taruma. Vidole vinapanda, linasogea mbele, linashuka tena. Ukisimama kando unalisikia kwa nyayo kabla ya masikio, na vumbi lake linaingia mpaka kwenye chupa ya maji iliyofungwa.

Wageni hudhani njia iliyotoka kushindiliwa ndiyo imara kuliko zote. Thubutu! Umetoka kuitikisa, kokoto za pembeni bado hazijashikana, haina nguvu ya kukataa kusukumwa kando. Reli ndefu iliyochomelewa ikipigwa na jua inataka kutanuka na haina pa kwenda, njia inajikunja kama nyoka. Ndiyo maana treni za kwanza hupunguziwa spidi, au nyuma yetu ipite mashine nyingine ya kuitetemesha na kuikandamiza njia ikae.

Kuna na treni ya kusaga reli, hiyo ukiiona usiku hutaisahau, cheche mwanzo hadi mwisho. Mawe yake ya kusagia yamewekwa kwa pembe mbalimbali ili kichwa cha reli, yaani sehemu ya juu inayokanyagwa na gurudumu, kirudi kwenye umbo lake, na inatembea na matangi ya maji kwa sababu nyasi kavu haziombi ruhusa kuwaka. Inakwangua sehemu ndogo tu ya milimita. Wenye daftari la fedha huuliza kila mwaka kwa nini tunasaga reli ambayo haijavunjika. Tunasaga ngozi ya juu wakati nyufa bado ni za ngozi. Zikizama ndani, hapo hatuzungumzii kusaga tena, tunazungumzia kukata kipande na kuchomelea kingine, huku treni zimepanga foleni mpaka mgodini.

Na hiyo pickup uliyoidharau. Nyingi husukumwa na matairi yake ya mpira yaleyale, vigurudumu vya chuma vinaiongoza tu isitoke njiani. Breki zake reli ikiwa na unyevu ni za kuombea dua. Tena mitambo ya ishara mara nyingi haiioni: ekseli ya treni huunganisha umeme wa reli mbili, pickup haifanyi hivyo kwa uhakika. Kwa chumba cha uongozaji, njia yenye pickup juu yake inaweza kuonekana tupu. Anayeingia bila ruhusa iliyoandikwa, iliyosomwa kwa redio na kurudiwa kusomwa, anachezea roho yake.

Kabini_ya_Kwanza

Fundi naye na kokoto zake! Bila sisi wa kabini ungeshindilia nini? Mkuu Mpenda_Reli, ugumu wa treni hizi ni kuzisimamisha. Breki ya kawaida inafanya kazi kwa hewa kupungua kwenye bomba. Treni ya kilomita 3, hata kama habari hiyo ingekimbia kwa kasi ya sauti, behewa la mwisho lingeipata baada ya sekunde kama tisa, na kwa kweli huchelewa zaidi. Muda huo mbele wameshaanza kusimama, nyuma wanasukuma. Ndiyo maana baadhi wamehamia breki zinazoamriwa kwa waya wa umeme, kila behewa linashika kwa pamoja. Wengine hutawanya vichwa katikati ya mabehewa na kuviongoza kwa redio.

Tarehe 21 Juni 2001 kampuni ya madini ya BHP walipitisha Pilbara treni ya mabehewa 682 na vichwa 8, zaidi ya kilomita 7, tani zaidi ya 82,000 za mawe, dereva mmoja. Kokoto peke yake haifanyi hivyo.

FundiWaNjia

Na kule kule Pilbara tangu 2018 Rio Tinto, kampuni nyingine ya madini, wanapeleka mawe bandarini kwa treni zisizo na dereva ndani. Kokoto bado wanazishindilia. 😀

Breki nakupa, ni kweli. Ila ukibana vibaya, hasa mabehewa yakiwa matupu, gurudumu linagoma kuzunguka, linaburuzwa na kupata bapa. Behewa likijazwa, lile bapa ni nyundo juu ya reli yangu kila mzunguko. Siku hizi kuna vipimo vimefungwa kwenye reli vinavyosoma kila pigo na kulitaja gurudumu lenyewe. Kwa hiyo tunajua mabehewa yako yakoje kabla hujafika bandarini.

Mpenda_Reli

Nimeelewa sana wakuu. Swali dogo: Mauritania ni kilomita 704 za jangwa. Hilo dude linashindiliaje kwenye mchanga?

FundiWaNjia

Hapo dude linanyanyua mikono. Kokoto safi ina nafasi katikati, inabonyea kidogo na kurudi. Mchanga ukijaa zile nafasi, njia inakuwa ngumu kama sakafu, na kila pigo la gurudumu linarudi kwenye reli na taruma. Ukishindilia mchanga unausogeza tu. Na punje zikikaa juu ya reli, gurudumu linazisaga na zenyewe zinalisaga gurudumu.

Kwingine ungeleta mashine inayochimba kokoto chini ya njia, inazichekecha, inarudisha safi na kutupa uchafu pembeni. Lakini palipo na tuta la mchanga linalotembea utachekecha leo na wiki ijayo pamefukiwa. Tingatinga na koleo kwanza, uondoe mchanga wenyewe, ndipo uniite mimi.