Naomba ushauri: binti yangu anasimulia kitabu badala ya kujibu swali

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Lamu, Langoni. Binti yangu yuko kidato cha nne, KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ndiyo hiyo yaja. Sarufi ya Kiingereza anajitahidi, ila huchanganya “he” na “she”, maana kwetu yeye ni yeye, awe mume awe mke. Hilo naona mazoezi yatalitibu.

Kinachoninyima usingizi ni insha za fasihi, karatasi ya tatu ya Kiingereza. Maswali matatu, kila moja alama 20. Akiulizwa aonyeshe jinsi tamaa ilivyomponza mhusika, husimulia kitabu chote tangu mwanzo, tena vizuri, kama bibi yake akitoa hadithi. Mwalimu humwandikia “jibu swali” na kumpa 8. Na kitabu amekisoma mara tatu, nimemwona!

Mliofundisha au mliopitia haya, mtoto huzoeshwaje kutaja hoja kwanza, kisha kuchukua tukio moja tu la kuithibitisha? Aanze kwa kuorodhesha hoja pembeni, au muda utamwishia? Mimi sikufika sekondari. Kazi yangu ni kumsikiliza akisoma kwa sauti jioni. Nielekezeni nimsaidie vipi.