Kinyama katika mfuko wa nyongo: je, altrasaundi ya endoskopi itatuambia ni cha aina gani?

Muuguzaji wa Dodoma aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu. Shangazi yangu ana umri wa miaka 57. Alipimwa altrasaundi ya tumbo kwa sababu ya kiungulia kisichomwisha, na katika mfuko wa nyongo kukaonekana kitu ambacho ripoti imekieleza hivi: "kinyama kimoja kilichoshika ukutani, milimita 9, hakisogei mgonjwa anapogeuzwa, hakina kivuli nyuma yake, hakuna mawe." Kituo cha pili kilipima kitu hicho hicho na kuandika milimita 7.

Daktari wa kwanza ameshauri mfuko wote uondolewe. Wa pili amesema tusubiri miezi 6 kisha turudie kipimo. Wa tatu ametaja altrasaundi ya endoskopi, yaani ule mpira unaopitishwa kinywani ukiwa na kifaa cha altrasaundi kwenye ncha yake, akasema ndiyo itakayotofautisha kinyama kisicho na madhara na kile kinachoweza kugeuka saratani. Naomba wenye ujuzi wanieleze: kipimo hiki kinaona nini ambacho kile cha kawaida hakikioni, na je, inafaa tumsafirishe mgonjwa kwa ajili yake? Pia ningependa kujua kama wakati huo huo wanaweza kuchoma sindano na kuchukua sehemu ya kinyama kwa ajili ya maabara.

Msoma Picha alijibu:

Pole kwa kuuguza. Altrasaundi ya kawaida hutumia mawimbi ya takriban megahezi 2 hadi 5 (megahezi moja ni mitetemo milioni moja kwa sekunde), kwa sababu yanalazimika kupenya ngozi, mafuta na mara nyingi ini kabla ya kuufikia mfuko wa nyongo. Mpira wa endoskopi huingia hadi mwanzo wa duodeni, yaani sehemu ya kwanza ya utumbo mdogo, mahali ambapo mfuko huo umelala jirani kabisa, na kwa kuwa safari ya mawimbi ni fupi, mpimaji anaweza kutumia megahezi 5 hadi 12, wakati mwingine zaidi ya hapo. Mawimbi ya juu hayafiki mbali, lakini picha yake ni kali kiasi cha kuonyesha matabaka ya ukuta: la ndani jeusi, la nje jeupe.

Vinyama vingi vinavyogunduliwa kwa bahati namna hii ni vya kolesteroli. Hivyo si uvimbe wa kweli, bali ni chembe za kinga zilizojaa mafuta na kujikusanya chini ya utando wa ndani. Kwenye altrasaundi ya endoskopi huonekana kama kundi la nukta ndogo zinazong'aa, mara nyingi juu ya kikonyo chembamba. Adenomiomatosisi, ambayo nayo si saratani, huonyesha ukuta ulionenepa wenye vishimo vidogo vyeusi, ambavyo ni mianya ya Rokitansky-Aschoff, na nyuma yake huwa na mwangwi unaofifia kama mkia wa kimondo. Adenoma ni uvimbe wa kweli, ndiyo ile inayoweza kugeuka saratani, na kwa kawaida huwa na kijivu kinacholingana, bila zile nukta. Saratani huelekea kuwa na kitako kipana, rangi isiyolingana, na palipo na hatari zaidi, tabaka la nje la ukuta limekatika.

Madaktari wa Japani walichapisha mwaka 2001 matokeo ya wagonjwa 89 waliofanyiwa upasuaji: altrasaundi ya endoskopi ilitambua aina ya kinyama kwa usahihi kwa asilimia 86.5, ile ya kawaida kwa asilimia 51.7. Mwaka uliofuata Wajapani wengine walitoa kanuni ya alama, ambayo binafsi naipenda kwa urahisi wake: chukua ukubwa kwa milimita, ongeza 4 ikiwa ndani hakulingani, toa 5 ikiwa kuna nukta zinazong'aa. Jumla ikifika 12 au zaidi, kishukiwe kuwa ni uvimbe wa kweli. Kwa maoni yangu, shangazi afanyiwe.

Daktari wa Upasuaji alijibu:

Namheshimu mwenzangu aliyetangulia, na maelezo yake ya picha ni sahihi, ila hitimisho lake silikubali haraka hivyo. Hebu tuitumie hiyo kanuni kwa mgonjwa huyu. Tuseme ndani ya kinyama hakulingani na nukta hazipo. Kwa milimita 9 anapata alama 13, naye ni mshukiwa. Kwa milimita 7 anapata 11, naye anaambiwa aende nyumbani. Ni kinyama kile kile, vipimo viwili vya mikono miwili. Tena adenoma ndogo ambayo, kama alivyosema mwenyewe, huwa na kijivu kinacholingana, ingepata alama chache na kupita bila kutiliwa shaka.

Hao wagonjwa 89 nao walikuwa wameshachaguliwa kwa ajili ya upasuaji, kwa hiyo hawafanani na mtu aliyekwenda kupimwa kiungulia. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yalipokusanya tafiti zilizopo, altrasaundi ya endoskopi ilitambua asilimia 85 ya vinyama vya kweli na kuviondolea shaka asilimia 90 ya visivyo vya kweli, wakati ile ya kawaida ilipata 68 na 79. Tofauti hiyo yaonekana kubwa, lakini tafiti zilikuwa chache na ndogo, na waandishi hawakuweza kusema kwa uhakika kwamba kipimo kimoja kinashinda kingine.

Mwongozo wa pamoja wa vyama vya madaktari wa Ulaya, uliorekebishwa mwaka 2022, unaanza na ukubwa. Kinyama cha milimita 10 na kuendelea, mfuko uondolewe ikiwa mgonjwa anauweza upasuaji na ameukubali. Cha milimita 6 hadi 9, uondolewe ikiwa kuna jambo la kuongeza hatari: umri unaozidi miaka 60, asili ya Asia, ugonjwa wa makovu ya mirija ya nyongo, au kinyama chenye kitako kipana. Kama hakuna hata moja, altrasaundi ya kawaida irudiwe baada ya miezi 6, mwaka 1 na miaka 2, na ikiwa hakikukua, ufuatiliaji uishie hapo.

Shangazi ana miaka 57, na vipimo vyote viwili vinamweka katika kundi la kati. Ripoti inasema kinyama "kimeshika ukutani", maneno ambayo hayamsaidii mtu yeyote, kwa sababu vyote hushika ukutani. Swali lenye uzito ni moja tu: kina kikonyo au kina kitako kipana? Ningeanza kwa kurudia altrasaundi ya kawaida, mgonjwa akiwa amefunga tangu usiku ili mfuko ujae nyongo, kwa mpimaji aliyeelezwa anachotafuta. Na kiungulia kitibiwe kama kiungulia. Hakuna sababu ya kukihusisha na kinyama hiki.

Muuguzaji wa Dodoma aliandika tena:

Nawashukuru sana, madaktari. Tumerudia kipimo akiwa amefunga. Ripoti mpya inasema milimita 8, kipo karibu na shingo ya mfuko, na kitako chake hakikuonekana vizuri kwa sababu ya gesi ya utumbo. Lile swali la sindano bado sijalijibiwa.

Muuguzi wa Endoskopi alijibu:

Kuhusu sindano, kwa kawaida hatuchomi kinyama kidogo kilichomo ndani ya mfuko wa nyongo. Ukuta wake ni mwembamba, nyongo inaweza kuvujia tumboni, na kama ni saratani kuna hofu ya kuisambaza kwenye njia ya sindano. Sindano hutumika zaidi pale palipo na uvimbe mkubwa ulioenea kwenye ini au matezi, ambapo daktari anahitaji jibu la maabara kabla ya kupanga tiba. Kwa shangazi, uthibitisho wa aina ya kinyama utatoka maabara ya patholojia endapo mfuko utaondolewa.

Mahali penye vifaa, daktari anaweza kuongeza dawa ya mshipani yenye viputo vidogo sana vya gesi ili kuona jinsi damu inavyoingia ndani ya kinyama. Mishipa iliyovurugika, au sehemu zisizopata damu, huongeza shaka ya saratani. Gesi hiyo hutolewa kwa pumzi kupitia mapafu, hivyo wenye figo dhaifu hawaiogopi kama ile dawa inayodungwa mshipani kwa ajili ya picha za CT. Mgonjwa hufunga kula kwa saa kadhaa na hupewa dawa ya usingizi, kwa hiyo aje na mtu wa kumrudisha nyumbani, na aeleze mapema kama anatumia dawa za kuyeyusha damu.

Daktari wa Upasuaji alijibu:

Sasa nakubaliana na Msoma Picha, kwa sababu kinyama kilicho karibu na shingo, nyuma ya gesi, ndicho hasa ambacho kifaa kilicho ndani ya duodeni kinakiona vizuri zaidi kuliko kile cha juu ya ngozi. Mwombe daktari wake asiandike tu "kinyama, tafadhali pima" kwenye fomu ya rufaa. Aandike: kikonyo au kitako kipana, nukta zinazong'aa zipo au hazipo, tabaka la nje la ukuta ni zima au limekatika, ukubwa kwa milimita. Ripoti zote tatu za awali ziambatanishwe.

Kikionekana chenye kikonyo chembamba na nukta za kolesteroli, mrudisheni kwenye ratiba ya miezi 6, na ikiwezekana apimwe kituo kile kile kila mara. Kitako kikiwa kipana, mimi ningeuondoa mfuko kwa upasuaji wa matundu madogo. Lakini kabla hamjalipia safari, muulizeni shangazi mwenyewe. Kama ameshaamua kwamba anataka mfuko utolewe vyovyote vile jibu litakavyokuwa, kipimo hiki hakitambadilishia kitu, ilimradi hakuna dalili ya saratani iliyoenea.

Muuguzaji wa Dodoma aliandika tena:

Nimemuuliza. Amesema hakatwi tumbo kwa kitu kisichomuuma mpaka aonyeshwe sababu. Tunaomba rufaa wiki hii, na yale mambo manne nimeyanakili jinsi yalivyo ili nimkabidhi daktari.