Uzi wa mabonge tulioanza kukimbia ukubwani: tupeane uzoefu

Kitambi cha Kimara
Wakuu, habari za wikiendi. Najua humu kuna waliozaliwa na pumzi zao. Nyie leo kaeni pembeni, tutawaita tukiwahitaji. Nawataka wale ambao shuleni ikitajwa siku ya michezo tumbo lilikuwa linauma ghafla, halafu ukubwani, mwili umeshajaa, wakaingia barabarani.

Mie kazi yangu ni ya kukaa. Ofisi ghorofa ya tatu, lifti mbovu, na ngazi nilikuwa nazipanda kwa awamu. Nikifika ya pili natoa simu najifanya nasoma ujumbe, kumbe natafuta hewa. Siku nimepima presha ikasoma 150 kwa 95, nesi akaniuliza, "Kaka, umekuja unakimbia?" Nikamwambia nimekuja na bajaji. Sasa hivi Kimara Mwisho hadi Ubungo naenda bila kusimama, ingawa wazee wa mazoezi ya kutembea wananipita. Mlianzaje? Tiririkeni.

Mama Pacha
Umenigusa mkuu. Mie wa Tabata Segerea. Baada ya kujifungua pacha mwili ulibaki na kila kitu walichoacha, na mume wangu mwenyewe alipoona nimenunua raba akauliza ni za nani.

Nilianza na nguzo za umeme. Barabara ya kwenda Kinyerezi nguzo zimepangana vizuri: nguzo moja nakimbia, mbili natembea. Sikuwa na saa wala programu ya kwenye simu. Saa kumi na moja alfajiri natoka na kanga kiunoni juu ya taiti, maana majirani zangu nawajua, nikishakata kona ya mwisho ya mtaa naifungua naikunja mkononi. Siku moja konda wa daladala akachungulia mlangoni akapiga kelele, "Mama panda, usijitese, nauli nakulipia!" Abiria wote dirishani. Nikacheka mpaka nikapoteza nguzo niliyokuwa nahesabu.

Kitu ambacho hakuna mtu aliniambia ni mapaja. Wembamba hawalijui hili. Mapaja yakisuguana na jasho la Dar, ukirudi kuoga maji yakigusa pale unaita majina ya mababu. Paka mafuta ya mgando kabla ya kutoka, na kwenye mstari wa sidiria pia. Tafadhali msijifanye mmesahau.

Halafu nikajiunga na kikundi cha joging cha Jumamosi, vile vya fulana za rangi moja na filimbi. Niliogopa wataniacha. Kumbe wale wanakimbia mchakamchaka wa kuimba, na hapo ndipo nilipoelewa siri. Kiongozi anaimba, nyie mnaitikia. Huwezi kuitikia ukiwa umekata pumzi, kwa hiyo kundi zima linashikwa kwenye mwendo wa mtu anayeweza kuongea. Wataalamu wanaupa mwendo huo jina kubwa, sisi tulikuwa nao tangu shule ya msingi. Mabonge wengi wanashindwa kwa sababu wanaanza kama wanafukuza mwizi. Nenda polepole mpaka uone aibu, hapo ndipo pazuri.

Mzee wa Hesabu
Nawasoma. Swali langu ni magoti. Kilo 110 zinadunda kwenye lami, kweli hayatakwisha?

Fundi Viungo
Mkuu, hiyo ndiyo kazi yangu, tiba ya viungo. Kukimbia kwa kawaida, si kwa ushindani mkubwa, hakujaonekana kumaliza magoti kama watu wanavyoogopa. Kinachowaleta wengi kwangu ni haraka. Moyo na mapafu vinazoea upesi, ndani ya wiki kadhaa unaona pumzi ipo. Mifupa na kano zinachelewa sana. Sasa mtu anasikia pumzi imekuja, anaongeza umbali mara mbili, ugoko unaanza kuwaka moto. Ukiuma sehemu moja ya mfupa ukiibonyeza kwa kidole, na maumivu hayaishi hata ukipumzika, acha kukimbia ukaonwe. Na mwenye sukari, presha au anayebanwa kifua akipanda ngazi aanze kwa daktari. Hapo sina utani.

Tajiri wa Tunduma
Mie dereva wa lori. Mnajua foleni ya malori mpakani Tunduma ilivyo. Unakaa pale unakula chipsi mayai, unalala, unakula tena. Tumbo likawa linagusa usukani. Nikaanza kutembea kwenye foleni, kutoka gari langu mpaka mbele na kurudi, baadaye nikawa nakimbia pembeni ya malori. Madereva wote wananipigia honi, Wakongo wananiita kocha, Wazambia wanataka kujua nani ananifukuza. Tandiboi wangu alikuwa analinda gari huku ananionea aibu.

Nimeshaenda Moshi, Kilimanjaro Marathon, ile ya kilomita 21. Wanaoutaja mlima wa kwenda Mweka hawatanii. Barabara inapanda tu, unaiona mbele imesimama kama ukuta. Nilitembea sehemu kubwa ya mlima na wala sijutii. Akina mama wa pembeni ya migomba wanakushangilia kama uko wa kwanza, wakati wa kwanza ameshaoga. Kuteremka nikadhani ni mteremko wa bure, kesho yake nikashuka kitandani kinyumenyume.

Mie wa Singida, nyumbani kwa Alphonce Simbu, yule mkimbiaji wa marathoni. Septemba 2025 pale Tokyo alimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 baada ya kilomita 42, wakachukua muda uleule wa 2:09:48, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Kwa saa mbili na dakika kama hizo, siku ya mbio zangu mie nilikuwa bado sijarudi Moshi mjini, na mbio zangu zilikuwa nusu ya zake.

Mzee wa Hesabu
Basi mwenye kilo zilizoshuka aseme zimeshuka ngapi.

Supu Kwanza
Mie hazijashuka, tuseme ukweli. Kikundi chetu kinamalizia kwenye supu ya kongoro. Hesabu yake ni rahisi: kila kilomita unachoma takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 90 akikimbia tano amechoma kama 450, chapati mbili za mafuta zinazirudisha zote, supu haijahesabiwa. Lakini sukari yangu imetulia, nalala vizuri, na ngazi napanda. Tumbo nimeliacha liamue lenyewe.

Dada Mgeni
Shikamooni wakubwa. Natamani kuanza Jumatatu. Viatu vya mtumba vinafaa? Vipya bei ni moto.

Kitambi cha Kimara
Marahaba. Vyangu vyote ni vya mtumba, vya soko la Karume. Usidanganyike na rangi. Bonyeza soli kwa dole gumba ubavuni, ikiwa ngumu kama gogo imezeeka hata kama juu inang'aa. Geuza kisigino uone kama kimelika upande mmoja. Chukua kikubwa kidogo, vidole vicheze, mguu unavimba ukikimbia.

Dada Mgeni
Asante kaka. Na mbwa wa alfajiri?

Mama Pacha
Simama mdogo wangu. Mwangalie bila kumkazia macho, usimpe mgongo, sogea taratibu mpaka upite geti lao. Ukitimua mbio hapo utavunja rekodi ya taifa.